Dakika Tatu za Fundi Kufuli

Jumatatu, 3 Machi

Siku ya kumi na moja Springi hajaenda shule. Tumbo, anasema. Yaani hasemi, anaandika. Kikaratasi chini ya mlango: "Tumbo." Jana kiliandikwa "Tumbo bado." Binti yangu ana miaka kumi na minne, na mlango wa chumba chake una kitasa nilichokitengeneza kwa mikono yangu, kitasa cha daraja la kwanza. Leo nakijutia.

Niandike mambo yalivyo, maana daftari hili halina wa kulisambaza. Springi ana kigugumizi tangu alipoanza kusema. Hakijawahi kumnyamazisha. Hapa nyumbani ndiye msemaji kutushinda sote, na ukimkatiza anaanza tena sentensi kutoka mwanzo, makusudi, ili ukome. Wiki mbili zilizopita, somo la uraia, mwalimu akamwambia asome kwa sauti. Akakwama kwenye neno "mamlaka". Mwenzake mmoja alikuwa na simu chini ya dawati. Video ya sekunde tisa. Wakaitia ngoma. Wengine wakaiga, wengine wakaicheza. Imetazamwa na watu wengi kuliko wanaoishi katika mji huu. Sasa jina lake ni Mamama.

Mchana, redioni: serikali inaandaa sheria ya kuwazuia walio chini ya miaka kumi na sita wasiingie kwenye mitandao ya kijamii. Kamati inakuja kukusanya maoni ya wananchi. Ukumbi wa manispaa, Jumatano ya wiki ijayo, saa nne asubuhi. Kila mtu dakika tatu. Tatu! Mimi nina ya kusema ya miezi mitatu! Niliacha tupa juu ya jiliwa nikaenda mbio kujiandikisha. Namba kumi na saba.

Nyuma yangu kwenye foleni, marashi matupu: shemeji yangu, kaka wa mke wangu, muuza simu wa ng'ambo ya barabara. Namba kumi na nane. Anapinga sheria. Ndiye aliyempa Springi simu yake, zawadi ya siku ya kuzaliwa. Nilimsalimia kwa nusu ya mdomo.

Jumanne, 4 Machi

Mpango wa kwanza. Sanduku la chuma lililokuwa la vipuri, lenye kufuli la tarakimu nne. Sheria mpya ya nyumba nimeibandika jikoni: saa kumi na mbili jioni simu zote zinaingia sandukuni, zinatoka asubuhi. Serikali ikichelewa, mimi sichelewi.

Mke wangu ni muuguzi wa zahanati, na leo alikuwa amesimama kutwa. Aliisoma sheria viatu vikiwa mkononi. Akauliza kama yangu nayo inaingia. Nikamweleza kwamba yangu ni ya kazi. Mtu akijifungia nje ya nyumba yake atampigia nani? Akanitazama vile anavyomtazama mgonjwa anayeapa kwamba dawa amezimeza.

Springi alitoa simu yake bila ubishi, kwenye upenyo wa mlango. Niliona mkono tu. Umekonda, au macho yangu? Nilitaka kuushika. Nikapokea simu.

Jumatano, 5 Machi

Asubuhi nimefungua sanduku. Simu tatu. Jana niliweka mbili! Ya tatu ni yangu, niliyoilalia chini ya mto wangu mwenyewe. Kufuli halina mkwaruzo hata mmoja. Tarakimu zimerudishwa pale pale nilipoziacha.

Nilimfundisha mwenyewe, akiwa na miaka saba. Tulikaa kwenye benchi la karakana, namfunga kitambaa machoni, nampa kufuli, namwambia asikilize kwa vidole. Kufuli halimharakishi mtu. Hilo alilipenda. La tarakimu alilifungua siku ya nne, na mimi nikajivuna mtaa mzima. Samaki mkunje angali mbichi, niliwaambia wateja. Haya, nilimkunja, na sasa ananikunja mimi.

Sikumgombeza. Nilikaa na ile simu mkononi nikacheka peke yangu mpaka macho yakaloa. Ukiacha tumbo, ndilo jambo la kwanza aliloniambia kwa siku kumi na tatu.

Ijumaa, 7 Machi

Mpango wa pili, maana sanduku limeshanishinda. Ruta, yaani kile kijisanduku cha intaneti chenye taa. Nimekifungia kabatini. Mbao nene, makomeo mawili. Kisha nikaketi sebuleni nikitazama mlango wa Springi. Mwanga wa simu chini ya mlango, kama kawaida. Nikangoja. Mwanga ule ule.

Mke wangu akauliza mbona kabati linawaka ndani. Nikamweleza. Akavuta pumzi, akauliza kama mawimbi hayapiti kwenye mbao, miaka yote hii intaneti ilikuwa ikifikaje chumbani. Swali zuri. Sikuwahi kulifikiria. Mimi ni mtu wa chuma.

Kulifungua kabati nikakosa ufunguo. Msako wa saa nzima. Umeonekana juu ya meza ya kazi, kando ya miwani. Kila kitu changu hupotelea hapo hapo.

Jioni akaja shemeji na kufichua mengine. Hata ningeitupa ruta mtoni, simu ya Springi ina bando, na bando anamwekea yeye kila Ijumaa. Mpwa wangu, akasema, kama vile mimi nimemwokota. Nikamwambia muuza kamba ya kitanzi asije msibani. Mke wangu akasema kwamba nyumbani kwake hatutazungumza hivyo. Shemeji akaondoka bila kunywa chai. Vizuri! Ingawa ilikuwa imeshamiminwa, nikalazimika kuinywa mimi.

Jumamosi, 8 Machi

Mpango wa tatu. Adui mfuate kwake. Nimefungua akaunti. Kwa upelelezi tu! Nimeitafuta ile video na nimeitazama kwa mara ya kwanza.

Sekunde tisa. Sare ya shule niliyoipiga pasi mimi. Mtu aliyemrekodi anatetemeka kwa kicheko, picha inachezacheza. Springi hatazami simu, anatazama kitabu, anapigana na lile neno, na najua kwamba angelishinda. Alibakiza kidogo tu. Wameikata kabla hajalimaliza.

Nikashuka kwenye maoni. Nikamjibu wa kwanza kwa upole. Wa pili kwa busara. Kufika wa kumi nilikuwa nimesimama. Wa thelathini na nane, mmoja anayejiita Mfalme wa Kona, nilimwambia ana kichwa cha msumari na hata nyundo itamkataa. Dakika mbili baadaye: akaunti yangu imefungiwa siku tatu kwa lugha ya kudhalilisha.

Mimi! Waliomcheka mwanangu wapo, wanaendelea kucheka, Mfalme wa Kona amestarehe kwenye kona yake, na mimi nimefungiwa! Nimekata rufaa. Jibu limekuja kabla sijatoa kidole kwenye kitufe: wamelitafakari suala langu kwa kina.

Jumapili, 9 Machi

Nimeandika hotuba. Kurasa ishirini na mbili. Nimemsomea mke wangu akikunja nguo. Kwenye ukurasa wa sita aliuliza dakika tatu zinaanza lini. Kwenye wa tisa alikuwa amemaliza nguo.

Akaniambia niende nikakae na mtoto. Kukaa tu, nisimweleze kitu. Yeye hukaa naye kila atokapo kazini. Hawaongei sana, anamsuka nywele. Nikamwambia nitakaa naye Jumatano jioni, jambo likishaisha. Siwezi kuingia mle mikono mitupu. Fundi haendi kwa mteja kumwambia pole, anakwenda na suluhisho. Mke wangu akasema Springi si mteja. Najua si mteja! Ningekuwa nimeshatoza. Hakucheka.

Nilipita mlangoni kwa Springi mara nne. Mara ya nne niliinua mkono nibishe. Nikasikia amenyamaza ndani, kama anayesikiliza. Nikajifanya ninakagua bawaba.

Jumatatu, 10 Machi

Wazo! Hotuba haitoshi, inatakiwa ionekane kwa macho. Nitaonyesha Jabali.

Jabali ni kufuli langu mwenyewe. Miaka sita ya kulibuni. Bango la duka linasema: JABALI, HALIFUNGULIWI NA YEYOTE ILA MWENYEWE. Halikatiki kwa msumeno, nimelijaribu. Nitajifunga mkono kwa mnyororo mbele ya kamati na kuwaambia: tazameni, hivi ndivyo simu ilivyomfunga mwanangu. Halafu nitatoa ufunguo mfukoni na kusema: na huu hapa, waheshimiwa, ndio sheria! Wataangua kilio. Nimefanya mazoezi mara saba kwenye mguu wa meza ya kazi. Mara saba nimefunguka. Wazo halina kasoro.

Jumatano, 12 Machi

Naandika kwa mkono wa kulia. Wa kushoto una alama nyekundu.

Nianze asubuhi. Suti ya harusi yetu. Vifungo viwili vilikataa. Mke wangu alikuwa zamu. Nilisimama mlangoni kwa Springi nikasema kwa sauti kwamba baba anakwenda kulimaliza. Nikafunga karakana kwa Jabali kubwa, nikaondoka na Jabali dogo na mnyororo kwenye mfuko wa karatasi.

Ukumbi umejaa hadi madirishani. Mbele, meza ndefu, wajumbe watano, mwenyekiti mwanamama mwenye kengele ya mezani. Katikati, kipaza sauti juu ya mlingoti wa chuma uliofungwa kwa boliti sakafuni, kwa sababu wa kwanza uliibwa. Mambo yote yanarushwa mubashara kwenye ukurasa wa manispaa.

Namba kumi na saba! Dakika ya kwanza niliimaliza kwa salamu, maana meza kuu ilikuwa na wakubwa wengi. Dakika ya pili nikatoa mnyororo. Nikauzungusha kwenye mlingoti, nikauzungusha kwenye mkono, nikamfunga Jabali. Ka! Ukumbi kimya. Kimya kizuri ambacho sijawahi kukipata maishani mwangu. Hivi ndivyo, nikasema, simu ilivyomfunga mwanangu. Nikamwona mjumbe mmoja akivua miwani. Na ufunguo, nikasema, waheshimiwa, ufunguo ni huu hapa!

Mfuko wa kulia: leso. Mfuko wa kushoto: leso ya pili, na peremende. Mfuko wa ndani: risiti ya suti.

Kengele.

Mwenyekiti akaniomba kwa heshima nimpishe anayefuata. Nikamjibu kwamba heshima ninayo, ufunguo sina. Juu ya meza ya kazi, pamoja na wa karakana. Kando ya miwani. Niliuona kabisa, kwa macho ya moyo, umelala pale.

Wakamleta mlinzi wa ukumbi na msumeno. Meno ya msumeno yaliisha. Kuna sehemu yangu ndogo iliyoona fahari, nakiri. Simu zikaanza kuinuliwa, moja, tano, mia. Mwenyekiti akasema muda hauna subira, tuendelee, na huyu mzee asimame tu alipo.

Namba kumi na nane. Shemeji! Alikuja akasimama ubavuni mwangu, mdomo wake na sikio langu ni kiganja kimoja, kwa sababu kipaza sauti ni kimoja na mimi ni sehemu yake. Nilijiandaa kwa kejeli. Hakuna kejeli. Alisema yeye anauza simu na kila mtu anajua ugali wake unatoka wapi, kwa hiyo wamsikilize wakijua hilo. Alisema mpwa wake ameumizwa kwa chombo alichokitoa yeye dukani kwake, akakifunga na utepe. Alisema tangu siku ile hana usingizi. Lakini mkiwafungia mlango wataingia dirishani, watadanganya umri, na wakiumizwa huko hawatathubutu kuja kutuambia. Sauti ilimtetemeka. Miaka yote hii sikujua kwamba shemeji ana sauti ya kutetemeka. Nikampa leso ya pili, kwa mkono uliokuwa huru.

Akafuata msusi wa saluni, anayepata wateja wote huko. Akafuata kijana kiziwi na mkalimani wake. Alisema kwa mikono kwamba mtaani kwao yuko peke yake, wenzake wa kuongea nao aliwapata mtandaoni akiwa na miaka kumi na mitatu, na bila wao angekuwa anaongea na ukuta. Nilijisogeza asigonge mnyororo. Akafuata mama mmoja. Alisema mwanawe aliiga mchezo aliouona huko, na chumba cha mwanawe hajakifagia mpaka leo. Hakusema jingine. Hakumaliza hata dakika moja. Alipotaka kuondoka alijishika kwenye bega langu, kwa kuwa nilikuwa karibu, na nikamwacha ajishike.

Dakika arobaini na tano. Watu kumi na mmoja, nimewasikiliza kutoka mwanzo hadi mwisho, jambo ambalo mke wangu haamini. Kila mmoja aliposema nilikubali. Aliyefuata akipinga, nikakubali pia. Sijui watunga sheria wanalalaje.

Ndipo watu wa mlangoni wakageuka.

Springi. Ndala za nyumbani, sweta la shule juu ya nguo ya kulalia. Alikuwa akinitazama kwenye simu chumbani kwake, mubashara, tangu salamu. Alikwenda karakana kutafuta ufunguo akakuta nimeifunga kwa Jabali. Basi akaja. Dakika ishirini kwa miguu, barabarani, mchana, mbele za watu, yeye ambaye kwa siku ishirini hajafika hata getini.

Walimtambua. Nilisikia ule mnong'ono ukipita kwenye viti, na simu zote zilizokuwa zinanitazama mimi zikamgeukia yeye. Nilitaka kumziba. Nilivuta mnyororo mpaka mkono ukachubuka, haukufika kokote. Kwa mara ya kwanza nililichukia kufuli langu. Yeye alitembea katikati ya viti mpaka kwangu. Akachomoa vibanio viwili vya nywele. Akamlaza Jabali kiganjani, akafumba macho, kama kwenye benchi la karakana.

Sekunde arobaini. Ka.

Miaka sita ya kazi! Kwa vibanio! Ukumbi ulipiga makofi hadi njiwa wa darini wakaruka. Mwenyekiti akamwambia Springi kwamba tangu asubuhi wanawajadili watoto na yeye ndiye mtoto wa kwanza kusimama mbele ya kamati. Je, ana neno? Nikamwambia kwa macho twende zetu. Akakitazama kipaza sauti. Akakiteremsha kimo chake.

Sitaandika alivyokwama. Anayetaka kukwama kwake aende akatazame huko, kumejaa. Mimi ninaandika alichosema. Alisema: "Sikuja kutoa maoni. Nimekuja kumchukua baba."

Watu wakacheka, kicheko cha wema. Akangoja wamalize. Kisha: "Lakini kwa kuwa mmeniuliza. Niliwaandikia wenye mtandao waitoe video yangu. Mara kumi na nne. Kila mara nilijibiwa kwamba haijavunja kanuni. Nadhani hakuna mtu aliyesoma. Ningeomba kuwe na mtu wa kusoma."

Mara kumi na nne. Mle ndani, peke yake, na mimi nje nakagua bawaba.

Ilichukua zaidi ya dakika tatu. Karibu sita. Mwenyekiti alikuwa ameifunika kengele kwa kiganja.

Njiani alibeba mnyororo yeye. Shemeji alitufuata nyuma kidogo, akajifanya anakwenda upande wetu. Springi aliniuliza mbona siku zote hizi sikuingia chumbani kwake. Nikasema nilikuwa nalishughulikia. Akasema mlango haukuwa umefungwa. Hata siku moja. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, husema watu. Basi huyu mzazi ni fundi kufuli wa miaka ishirini na sita, na jambo la kwanza ambalo fundi yeyote hulifanya mlangoni, kabla ya kutoa chombo chochote, ni kuzungusha mkono wa kitasa. Hilo hufundishwa hata mwanagenzi siku ya kwanza. Sikuuzungusha.

Jioni niliuzungusha. Nikakaa. Sikumweleza kitu.

Alhamisi, 13 Machi

Mimi ni maarufu! Baba Kufuli, ndilo jina. Wamenitia ngoma. Pale ninapotoa leso ya kwanza, ya pili, na peremende, wamerudia mara nane kwa mdundo. Mpaka saa sita mchana nimetazamwa mara mbili ya Springi.

Alinionyesha mwenyewe, kitandani kwake, tumeegemea ukuta bega kwa bega. Aliogopa nitaumia. Niliumia kidogo, nikasema peremende ile ilikuwa ya heshima zake. Springi akacheka. Kicheko chenyewe, kile cha puani, kile cha zamani! Mke wangu alikuja mbio kutoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama mlangoni, akageuka kurudi tusije tukamwona uso.

Springi akanifundisha jinsi ya kuwasoma wenye maoni. Wako wanaocheka na wewe na wanaokucheka wewe, na wako wenye njaa ya kutazamwa tu. Wengine wamemwandikia yeye maneno mazuri. Wengine Mamama vile vile. Alisoma yote kwa sauti moja, akaizima simu, akaomba chakula.

Hasara: wateja wanne wamerudisha Jabali. Mganga hajigangi, mmoja akasema. Wa pili aliuliza kama vibanio vinauzwa pamoja. Bango nimeligeuza upande wa nyuma.

Jumatatu, 17 Machi

Ameenda shule. Sare niliipiga pasi mara mbili. Nilimfuata kwa mbali hadi kona. Getini kuna aliyesema Mamama. Springi alisimama, akamgeukia, akaanza kumjibu, akakwama, yule akataka kudandia maneno, na Springi akaanza tena kutoka mwanzo. Kengele ikalia bado anamjibu. Yule mtoto alionekana amechoka sana.

Alasiri aliyemrekodi alikuja dukani na mama yake. Msichana mdogo kuliko nilivyomwazia. Walitaka kuchongewa ufunguo ambao hawakuuhitaji hata kidogo. Nilichonga. Msichana akaomba radhi akitazama viatu vyake. Nikamwambia anayeombwa radhi yuko nyuma, anapanga vipuri. Walikaa huko kwenye benchi muda mrefu. Sikusikiliza. Ukuta ni mnene, nilijaribu.

Jumapili, 30 Machi

Ushindi! Redio imesema kamati imependekeza: video ya mtoto ikiombwa kuondolewa, na mtoto au mzazi wake, iondolewe ndani ya siku moja, na aliyeisoma barua ya maombi awe binadamu, aweke jina lake chini. Suala la umri bado wanabishana. Nimemweleza shemeji kwamba hii ni kazi yangu. Akasema bila shaka, na akanywa chai yote. Ile ya sekunde tisa imeondoka. Springi aliitafuta Ijumaa, hakuiona, akaja karakana akakaa nami bila kusema, akifungua na kufunga kufuli moja bovu.

Mimi bado naamini mitandao ni ugonjwa. Nalisema hilo kila siku kwenye ukurasa wangu, asubuhi na jioni. Wafuasi elfu mbili na mia tatu! Jana nilionyesha jinsi ya kutia mafuta kitasa. Kuna anayesema mafuta yangu si mazuri. Nimemjibu. Amejibu. Nimemjibu. Ni Mfalme wa Kona!

Sasa sikiliza uonevu. Jana jikoni ilibandikwa karatasi mpya, mwandiko wa Springi, sahihi ya mama yake chini: kuanzia saa kumi na mbili jioni simu ya baba inaingia sandukuni. Ya baba peke yake! Nikasema ni ya kazi. Nikasema katiba ya nyumba. Springi akasema nimetoa maoni na yamepokelewa. Kufuli ametengeneza yeye, wiki nzima kwenye benchi langu, kwa chuma changu.

Saa kumi na mbili na robo niko karakana na sanduku, wao wanapakua chakula. Mtu lazima ajue Mfalme amejibu nini! Nilijaribu tarehe yangu ya kuzaliwa. Ya mama yake. Ya Springi. Nikaweka sikio, nikafumba macho. Kazi safi. Kazi safi mno, sijui nani alimfundisha. Nikahangaika nusu saa. Mwisho nikajaribu moja, saba, sifuri, tatu. Kumi na saba Machi, siku aliyorudi shule. Ka!

Hakuna simu. Kikaratasi tu: "Baba, chakula kinapoa. Simu yako iko kwenye mkoba wa mama. Nakupenda."

Nilikisoma mara tatu. Nimekikunja nimekiweka mfukoni, kwenye mfuko wa ndani, ule ambao sipotezi vitu. Mtoto gani huyu! Nikaenda mezani, nikala, nikamsikiliza akisimulia habari ya mwalimu wa hesabu kutoka mwanzo hadi mwisho, na sikumkatiza hata mara moja, ingawa ilikuwa ndefu.

Mkoba wa mama umening'inia nyuma ya mlango wa jikoni. Nimeukagua nikipita kunawa mikono. Hauna kufuli. Zipu tu.

Na zipu haijawahi kunishinda.